Insha Imenyooka, Lakini Nani Ameifikiria?

Binti mmoja, mwanafunzi wangu wa chuo kikuu, alibisha hodi saa nane mchana, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Mezani palikuwa na insha yake ya kurasa 6 kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani katika zao la korosho, ule ambao mkulima hukabidhi mzigo ghalani, akapewa stakabadhi, akangoja mnada. Kiingereza chake hakikuwa na doa. Kila aya ilianza panapostahili na kuishia panapostahili. Nilikuwa nimeisoma mara mbili usiku uliotangulia, na mara zote mbili nilibaki na hisia ya kupita kwenye nyumba iliyopangwa vizuri ambamo hajawahi kulala mtu.

Nikamwomba anieleze sentensi moja tu, ya ukurasa wa 3, iliyodai kwamba mfumo huo umeziba pengo la taarifa kati ya mkulima na mnunuzi. Pengo gani? Nani alikuwa hajui nini? Akaisoma ile sentensi kwa sauti ya chini, akairudia. "Dokta, hapo..." Kisha kimya.

Sikumfokea. Darasa lile lina wanafunzi 312, na yeye alikuwa mmoja wa 10 niliowachagua kwa bahati nasibu waje kunieleza walichoandika. Katika rundo zima, insha nyingi mno zilitaja faida zilezile 5 za stakabadhi ghalani kwa mpangilio uleule, zikafuata changamoto zilezile 4, zikamalizia kwa kuwataka wadau wote washirikiane. Kati ya wale 10, 7 hawakuweza kueleza sentensi zao wenyewe. Hawa ni vijana wenye akili. Nimewaona wakibishana kwenye vimbweta mpaka jioni.

Watu wengi hulizungumzia jambo hili, la wanafunzi kuandikiwa kazi na akili mnemba (AI), kama suala la udanganyifu: wanafunzi wamekuwa wavivu, tuwakamate. Wengine hulizungumzia kama neema: mwalimu wa bure kwa kila mtoto. Nimefundisha katika hali hii tangu ilipoanza, na naona pande zote mbili zinalikwepa jambo lenyewe.

Sisi wahadhiri tumeishi miaka mingi kwa dhana ambayo hatukuwahi kuitamka: ukiona maandishi, umeona fikra. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Insha, ripoti ya fildi, muhtasari wa usomaji, hata tasnifu, vyote vilikuwa moshi. Hatukuweza kuingia kichwani mwa mwanafunzi tukaona moto unawaka, kwa hiyo tuliutazama moshi tukatoa alama. Ilitosha, kwa sababu hapakuwa na njia rahisi ya kutoa moshi bila kuwasha moto. Sasa njia ipo, iko kwenye simu, na haihitaji hata bando kubwa.

Mashine inafanya nini

Nikikuambia "haba na haba hujaza", kinywa chako kitamalizia chenyewe: kibaba. Hukufikiri. Umeisikia methali hiyo mara nyingi kiasi kwamba neno la mwisho linakuja bila kuitwa. Sasa fikiria chombo kilichopitishwa kwenye mabilioni ya sentensi za vitabu, magazeti, majarida na mazungumzo ya intaneti, kikapimwa tena na tena kwa swali moja: baada ya maneno haya, neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata? Hicho ndicho kiini cha programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya OpenAI tarehe 30 Novemba 2022. Wenyewe tunaiita akili mnemba, wengine akili unde, wengine akili bandia. Muundo wake wa kihesabu ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Baada ya kufundishwa kutabiri maneno, mashine hufundishwa tena na watu wanaoyapanga majibu yake, hili bora, hili baya, mpaka ijifunze kujibu kwa adabu na kwa namna inayopendeza.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yanafunguka. Linaeleza kwa nini insha zile zilifanana: ukiuliza swali la kawaida, unapata jibu la kawaida, wastani wa yote yaliyokwisha kuandikwa. Linaeleza pia ugonjwa wa marejeo ya uongo. Mashine inajua rejeo linavyoonekana: jina la ukoo, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, namba za kurasa. Inavipanga vipande hivyo kwa ufasaha uleule inaoutumia kumalizia methali. Mwaka jana nilisimamia ripoti moja ya utafiti iliyokuwa na marejeo 31. Nilikaa nayo Jumamosi nzima nikitafuta rejeo moja baada ya jingine. Marejeo 9 hayakuwepo popote duniani. Majina ya waandishi yalikuwa ya watu wa kweli, majarida yalikuwa ya kweli, makala hazikuwahi kuandikwa. Mwenye ripoti alishtuka kuliko mimi, maana aliamini kabisa kwamba mashine ilikuwa "imezitoa" mahali fulani, kama mtu anavyotoa kitabu kwenye rafu.

Rafu hakuna. Hili ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi wa mwaka wa 1 siku hizi, kabla hata ya kuwapa mtaala. Zipo programu mpya zinazotafuta kwenye intaneti kwanza kisha ndipo zinajibu, na hizo hukosea marejeo mara chache zaidi. Hata hivyo anayetafuta na anayetunga ni yuleyule, na kuhakiki kunabaki kuwa kazi ya msomaji.

Kutafuta mchawi kwa mashine

Vyuo vilipopigwa na butwaa, hatua ya kwanza ilikuwa kununua kigunduzi. Kampuni ya Turnitin, ambayo vyuo vingi vilikuwa vikiitumia tayari kunasa kazi za kunakili, iliongeza kifaa cha kutambua maandishi ya akili mnemba mwezi Aprili 2023. Inapendeza kusikia. Kompyuta ichafue, kompyuta isafishe.

Lakini angalia kigunduzi kinavyofanya kazi. Vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika. Maandishi yakiwa laini mno, kila neno likiwa ndilo lililotarajiwa, kigunduzi husema: hii ni mashine. Sasa nani mwingine huandika kwa maneno yanayotarajiwa? Mtu anayeandika kwa lugha ya pili. Anatumia msamiati aliofundishwa, sentensi salama, viunganishi vilevile alivyokariri kidato cha 4. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vigunduzi 7 insha 91 zilizoandikwa na watu halisi kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, ule wa Kiingereza kwa wageni. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau kigunduzi kimoja. Insha za wanafunzi wa Kimarekani wa darasa la 8 zilipita karibu zote bila shida.

Nilipousoma utafiti huo nilisimamisha matumizi ya kigunduzi katika somo langu siku hiyohiyo. Kila mwanafunzi wangu anaandika kwa lugha ya pili au ya tatu. Kuna Mmakonde anayejifunza kwa Kiswahili alichokuta shuleni, kisha kwa Kiingereza alichokuta sekondari. Siwezi kumweka mtu kama huyo mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ameandika kwa uangalifu.

Wenye mashine wenyewe hawakuwa na uhakika zaidi yangu. OpenAI ilitoa kigunduzi chake Januari 2023, ikakifunga Julai mwaka huohuo kwa sababu ya udhaifu wake. Kilikuwa kikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kuwasingizia watu asilimia 9. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kigunduzi cha Turnitin Agosti 2023 baada ya kupiga hesabu rahisi: mwaka 2022 kilipitisha kazi 75,000 kwenye mfumo huo, na hata kosa la asilimia 1 tu lingemaanisha kazi 750 za wanafunzi kusingiziwa. Kuhusu macho ya binadamu, Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kiliyapima: watafiti waliingiza kisirisiri majibu ya mashine kwa majina ya wanafunzi hewa 33 kwenye mitihani ya saikolojia inayofanyiwa nyumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Asilimia 94 ya majibu hayo hayakushtukiwa na wasahihishaji, na kwa wastani yalipata alama za juu kuliko ya wanafunzi wa kweli.

Kwa hiyo anayekuambia "mimi nikisoma tu najua", mwambie kwa heshima kwamba anazijua zile zilizoandikwa vibaya.

Moshi uliuzwa kabla

Hapa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kutoshangaa. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya, wengi wao wahitimu wa vyuo vikuu waliokosa ajira, wamekuwa wakiwaandikia kazi za darasani wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Akaunti kwenye tovuti za kazi hizo zilikuwa zikikodishwa na kuuzwa kama vibanda vya sokoni. Kijana wa Nairobi aliandika usiku kucha kuhusu uuguzi wa Ohio, na mtu wa Ohio akapata alama. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 kuzuia biashara hiyo katika eneo la England, na miezi michache baadaye ChatGPT ikaingia na kuwanyang'anya wengi riziki yao kuliko sheria ilivyoweza. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME likaeleza kwamba vijana wengine wa hapohapo Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili mashine hiyo ijifunze kuyakwepa. Mkono wa Nairobi umo pande zote mbili za hadithi hii, na mara zote mbili jina lake halikuandikwa.

Nyumbani Tanzania, kila anayeishi jirani na chuo anazifahamu steshenari zinazochapa risechi na, kwa malipo zaidi, kuziandika. Anayajua na madesa yanayorithishwa mwaka hadi mwaka. Mwenye pesa alikuwa akinunua moshi tangu zamani. Akili mnemba imeushusha bei mpaka bure, na hivyo imewalazimisha wote kukiri kitu ambacho maskini walikuwa wakikijua.

Inafundisha au inadhoofisha?

Swali hili lina jibu zuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu limepimwa.

Nchini Uturuki watafiti walichukua karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari na somo la hisabati, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na madaftari tu. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida, unauliza inajibu. La tatu lilipewa mashine ileile, lakini iliyoelekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, kwa maandalizi ya walimu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wale wa madaftari, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, mtihani ukaja. Kundi la pili likafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa mashine. Kundi la vidokezo lilikuwa sawa na la madaftari. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wale waliodhoofika hawakuhisi wamedhoofika. Walidhani wameelewa.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, keti nyuma ya mwanafunzi anayesomea mtihani wa takwimu kwa simu. Anapiga picha ya swali. Jibu linashuka hatua kwa hatua, safi, na yeye anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, sawa, sawa. Kila hatua anaielewa inapopita. Mfunikie simu umwombe arudie hatua ya 2. Kalamu inabaki hewani. Kufuata hesabu ya mwenzako na kuifanya mwenyewe ni vitu viwili, na akili zetu huvichanganya kwa urahisi wa kutisha.

Upande wa pili una ushahidi wake pia. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi 194 wa fizikia walijifunza mada moja darasani na mwalimu hodari, kwa mtindo wa kushirikiana, na mada nyingine nyumbani na msaidizi wa akili mnemba, makundi yakipokezana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba walijifunza zaidi kwa msaidizi, tena kwa muda mfupi zaidi. Lakini msaidizi yule hakuwa ChatGPT iliyopakuliwa tu. Walimu walikuwa wamemwandikia majibu sahihi mapema, wakamwelekeza aende hatua moja kwa wakati, asitoe jibu zima, amwache mwanafunzi ajaribu kwanza.

Weka tafiti hizi mbili pamoja na utaona tofauti iko wapi. Mashine ni ileile. Kinachobadilika ni nani anafanya sehemu ngumu. Ikiifanya mashine, mwanafunzi anaondoka na jibu. Akiifanya mwanafunzi, mashine ikimshika mkono tu, anaondoka na elimu. Uzuri ni kwamba agizo la namna hiyo mtu anaweza kuliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, mwanzoni mwa mazungumzo: usinipe jibu, niulize swali moja moja, nikikosea nieleze nimekosea wapi kisha uniache nijaribu tena. Nimewapa wanafunzi wangu maneno haya kwenye karatasi. Wanaoyatumia wananiambia kwamba inachosha. Nawaambia uchovu huo ndio wenyewe tuliokuja kuutafuta chuoni.

Kwa wahadhiri nitasema machache. Nasi tunaitumia: kutunga maswali ya mazoezi, kupanga ratiba ya mihula, kupata mifano 3 ya jambo moja. Inaokoa saa nyingi na sioni aibu. Kusahihisha kwa mashine nimekataa. Mtu aliyekaa usiku akiandika ili asomwe, anastahili kusomwa na mtu.

Lugha ya usiku

Kuna jambo ambalo majadiliano ya Ulaya na Marekani hayalifikii, nalo kwetu ni kubwa kuliko udanganyifu.

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili miaka 7. Siku moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Wengi huvuka daraja hilo kwa kukariri, na hukariri mpaka chuo kikuu. Nimesimama mbele ya madarasa nikaeleza dhana kwa Kiingereza, nikaona macho yaliyotulia kwa adabu. Nikairudia kwa Kiswahili, na chumba kizima kikapumua. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza, kwa sababu kuuliza kunataka Kiingereza, na Kiingereza kinataka ujasiri wa kuchekwa.

Sasa mwanafunzi huyohuyo, saa 5 usiku hosteli, anaweza kuandika: "nieleze hii kwa Kiswahili, kama unamweleza mtu ambaye hajui kabisa." Anaweza kuuliza swali la kijinga mara 6 bila mtu kuguna. Kwa wengi wao hii ni mara ya kwanza katika maisha yao ya masomo kuuliza mpaka kuelewa. Nikilitazama hilo, siwezi kuungana na wanaotaka kuifungia mashine nje ya geti la chuo.

Kiswahili cha mashine bado kina vilema. Maandishi ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya yale iliyofundishwa, kwa hiyo inajikwaa kwenye ngeli, inatafsiri misemo ya Kiingereza neno kwa neno, na mara nyingine inabuni istilahi kwa kujiamini. Kuna gharama pia. Mashine hukata maneno katika vipande na kuhesabu matumizi kwa vipande hivyo, na neno la Kiswahili lililobeba sentensi nzima, kama "hawatakuandikia", hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza. Sentensi yenye maana ileile inakula zaidi. Yapo makundi yanayofanya kazi ya kuziba pengo hili, kama mtandao wa watafiti wa Masakhane unaoshughulikia lugha za Kiafrika, na Jacaranda Health ya Kenya iliyotengeneza UlizaLlama, modeli inayojibu kwa Kiswahili.

Na tofauti ya kipato haijaondoka. Huduma ya kulipia ya ChatGPT ilianza kwa dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi 50,000. Mwenye mkopo wa serikali anapata boom la shilingi 10,000 kwa siku, kula na kulala. Siku 5 za maisha yake kwa mashine bora ya mwezi mmoja. Atatumia ya bure, ambayo itamkatia mazungumzo katikati ya swali.

Hesabu ya saa

Basi tufanyeje na alama? Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kimegawa kazi za wanafunzi katika njia mbili. Njia ya kwanza ni mitihani inayosimamiwa ana kwa ana, bila mashine, inayothibitisha kwamba mtu anajua. Njia ya pili ni kazi za wazi, ambamo akili mnemba inaruhusiwa, na mwanafunzi anajifunza kuitumia. Nausifu mpango huo kwa ukweli wake. Hauwaombi wanafunzi waahidi wasichoweza kutimiza. Uchunguzi wa HEPI, taasisi ya sera za elimu ya juu nchini Uingereza, mwaka 2025 ulikuta asilimia 92 ya wanafunzi wanaitumia kwa namna moja au nyingine, na asilimia 88 kwa kazi zenye alama. Marufuku ya maneno matupu juu ya jambo kama hilo inawaadhibu waaminifu tu.

Vyuo vyetu vingi vinaweka alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo njia ya kwanza tunayo, ingawa mtihani wa ukumbini hupima zaidi kumbukumbu. Njia bora ya kuuona moto wenyewe ni kuketi na mtu na kumuuliza. Dakika 10 zinatosha. Kwa wanafunzi 312 hizo ni dakika 3,120, yaani saa 52, kwa somo moja, na mimi nafundisha masomo matatu. Hapo ndipo mjadala wote unapofikia, na hapo ndipo unaponyamaziwa. Watu wanazungumzia programu gani inunuliwe. Tatizo ni wahadhiri wangapi waajiriwe, na darasa liwe na watu wangapi.

Mpaka hilo litakapojibiwa, mimi nafanya kwa sampuli. Kila kazi, namba 10 zinachaguliwa mbele ya darasa, na hakuna ajuaye kama ni yeye. Anayeshindwa kueleza kazi yake hapewi sifuri. Anarudi kuiandika upya, na anaruhusiwa mashine, mradi aambatanishe mazungumzo yote aliyofanya nayo.

Nirudi kwa yule binti. Kimya kilipozidi niliiweka insha kando nikamuuliza kwa Kiswahili kwao ni wapi. Newala. Baba analima korosho? Akatabasamu kwa mara ya kwanza: "Tumesomeshwa na hizo, Dokta." Nikamwambia basi nieleze. Akaanza polepole, kisha akashika kasi. Akaeleza mzigo unavyopimwa kwenye ghala la chama cha msingi, baba anavyokunja stakabadhi na kuiweka ndani ya Kurani, siku za kungoja mnada, makato yanavyopishana na hesabu ya nyumbani. Akaeleza msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba, na wengi wakangoja malipo muda mrefu. Akaeleza kangomba, wale wanunuzi wa mlangoni wanaokuja na fedha taslimu na kipimo chao. Alizungumza dakika 25. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililokuwa kwenye kurasa zake 6.

Aliirudisha baada ya wiki 2. Kurasa 4, Kiingereza kinachochechemea hapa na pale, na nyuma kabisa mazungumzo yake na mashine, kwa Kiswahili. Alikuwa ameiuliza maana ya pengo la taarifa, ikamweleza, akaiuliza tena kwa mfano wa sokoni. Kisha akaibishia. Mashine ilisema mkulima humuuzia kangomba kwa sababu hajui bei ya mnada. Yeye akaandika: baba anaijua bei, inatangazwa redioni. Mashine ikaomba radhi, kama kawaida yake, na yeye akaiacha hapo akaenda kuandika.

Ukurasa wa 3 wa insha ya pili una sentensi iliyokosea nyakati za vitenzi, na nimeiacha ilivyo. Inasema kwamba mwaka ule baba yake aliuza gunia 2 kwa kangomba akijua kabisa anapunjwa, kwa kuwa mdogo wao alikuwa amelazwa na pesa ya mnada ilikuwa bado wiki 3.